Kabla ya Kuiga Mji wa Salmon, Tusome Historia Yake Yote

Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu utalii wa miji midogo iliwahimiza viongozi wa kaunti zetu waige miji ya Marekani ambayo imegeuza historia ya wavumbuzi wa kale kuwa chanzo cha mapato. Mwandishi aliutaja mji wa Salmon katika jimbo la Idaho, akasema kwamba mji huo wenye watu wapatao 3,000 unajulikana kwa sababu Meriwether Lewis na William Clark walipita katika eneo hilo mwaka 1805, na kwamba mji wetu wa Nyahururu, wenye maporomoko yanayoitwa kwa jina la Thomson kama la mvumbuzi Joseph Thomson, ungeweza kufanya vivyo hivyo. Nimefundisha historia katika shule za sekondari hapa Nairobi kwa muda mrefu, na sina ugomvi na utalii. Ninachotaka kueleza ni kwamba mfano huo ni mzuri kuliko mwandishi alivyodhani na pia ni mchungu kuliko alivyodhani, kwa kuwa jina ambalo mji wa Salmon unalitanguliza mbele ya wageni ni la Sacagawea, mwanamke wa Washoshone, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, mwenye asili ya bonde hilo, ilhali watu wake walikwisha kuhamishwa kutoka humo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1803 serikali ya Marekani ilinunua kutoka Ufaransa eneo kubwa la Louisiana kwa dola milioni 15, na Rais Thomas Jefferson akamwagiza Lewis, aliyekuwa katibu wake, aufuate mto Missouri hadi chimbuko lake na kutafuta njia ya maji ya kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki kwa faida ya biashara. Lewis alimwalika Clark wawe viongozi pamoja. Msafara ulianza kupanda Missouri mwezi Mei 1804, ukapitisha majira ya baridi karibu na vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, katika eneo ambalo sasa ni North Dakota. Hapo ndipo walipomwajiri mkalimani Mkanada wa asili ya Kifaransa aliyeitwa Toussaint Charbonneau, ambaye mke wake, Sacagawea, alikuwa Mshoshone aliyetekwa na Wahidatsa miaka michache kabla, akiwa bado msichana mdogo. Tarehe 11 Februari 1805 alijifungua mtoto wa kiume, na mwezi Aprili, msafara ulipoondoka kuelekea magharibi, mama alikuwa safarini na kitoto chake mgongoni. Viongozi hawakumhitaji ili awaonyeshe njia ya bara zima, kama ambavyo hadithi nyingi husimulia. Walijua kwamba mbele yao kulikuwa na milima, kwamba mitumbwi haiwezi kupanda milima, na kwamba Washoshone ndio wenye farasi.

Naomba nikae kidogo kwenye Agosti ya mwaka huo, maana fahari yote ya Salmon inatokana na wiki zile tatu. Tarehe 12, Lewis akiwa na watu watatu tu, kwa kuwa wengine waliachwa nyuma wakihangaika na mitumbwi, alifika penye kijito chembamba kabisa cha mwanzo wa Missouri. Askari mmoja, Hugh McNeal, alisimama huku mguu mmoja ukiwa ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile, akamshukuru Mungu kwa kumjalia kusimama na mto ule mkuu ukipita katikati ya miguu yake. Kisha wakapanda hadi kwenye pito la mlima linaloitwa leo Lemhi, lenye kimo cha mita 2,247 (chini kidogo kuliko Nyahururu yetu). Lewis alitarajia kuona upande wa pili mteremko mwepesi unaoelekea mto Columbia na baharini. Aliona milima juu ya milima, mingine ikiwa na theluji kileleni hata katika mwezi wa Agosti. Matumaini ya Jefferson ya kupata njia rahisi ya maji yalikwisha hapo, na kwa kuwa mpaka wa Louisiana ulikuwa ni mgongo huohuo wa milima, kila hatua ambayo Lewis alipiga kushuka upande wa magharibi aliipiga nje ya nchi yake, katika nchi ya watu wengine.

Kesho yake alikutana na wenye nchi hiyo. Wanawake watatu walikuwa shughulini aliposhtukia yu karibu nao, na kijana mmoja kati yao akatimua mbio, akabaki mwanamke mzee na msichana wa miaka kama 12, ambao waliinamisha vichwa wakingoja kuuawa. Lewis aliweka bunduki chini, akamshika mzee mkono na kumwinua, akawapa shanga na vitu vingine vidogo, kisha akawapaka rangi nyekundu mashavuni, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba kwa Washoshone hiyo ni ishara ya amani. Muda si mrefu wapiganaji wapatao 60 walikuja kwa kasi juu ya farasi, tayari kwa vita. Wanawake wale wakawatangulia, wakawaonyesha zawadi, na vita vikageuka kuwa kukumbatiana, hata Lewis akaandika kwamba alichoshwa na kukumbatiwa huko. Kwa hiyo watu wa kwanza kuunusuru msafara huo katika bonde la Lemhi walikuwa mwanamke mzee na msichana, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Chifu wao aliitwa Cameahwait. Watu wake walikuwa na njaa. Adui zao walikuwa na bunduki walizonunua kwa wafanyabiashara wa kaskazini, ilhali wao walikuwa na chache mno, hivyo walilazimika kujificha milimani kwa sehemu kubwa ya mwaka na kula matunda ya porini na samaki badala ya kushuka mbugani kuwinda nyati. Siku moja asubuhi Lewis alikuwa amebakiwa na ratili mbili tu za unga. Alimwamuru McNeal augawe nusu kwa nusu, apike nusu moja pamoja na matunda waliyopewa na wenyeji, na uji huo mzito uligawanywa kwa Lewis, watu wake watatu na chifu, ambaye alisema hajapata kuonja kitu kitamu namna ile kwa muda mrefu. Kabla ya hapo Lewis mwenyewe alikuwa amepewa kipande cha samaki wa samoni aliyechomwa, na ladha yake ilimthibitishia kwamba sasa yuko kwenye maji yanayotiririka kwenda Pasifiki. Huo ndio uhusiano wa Salmon na safari ile kwa ukweli wake: watu wenye njaa walimpa mgeni samaki, naye akawapa uji.

Washoshone walisita kuvuka tena mlima pamoja naye kwenda kuwapokea akina Clark, wakihofia kwamba wanapelekwa mtegoni, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kwa watu waliokuwa wameshambuliwa mara nyingi. Lewis alimvika Cameahwait kofia yake, akampa bunduki yake na kumwambia ampige risasi iwapo ni hila. Kuna jambo jingine lililowashawishi, ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita haraka. Walikuwa wamesikia kwamba katika msafara kuna mtu mweusi mwenye nywele fupi zilizojisokota, na Lewis aliandika kwamba walitamani kumwona kiumbe huyo sawasawa na walivyotamani bidhaa walizoahidiwa. Mtu huyo aliitwa York. Alikuwa mtumwa wa Clark tangu utotoni, na alivuka bara lote akipiga kasia, akiwinda na kubeba mizigo kama askari yeyote.

Tarehe 17 makundi mawili yalikutana. Sacagawea alipoitwa kutafsiri alimtazama chifu, akamtambua kuwa ni ndugu yake, akamrukia, akamfunika kwa blanketi lake huku akilia. Mazungumzo yakaendelea, ingawa machozi yalimkatiza mara kwa mara. Maneno ya Lewis yalitoka katika Kiingereza yakatiwa katika Kifaransa na askari aitwaye Labiche, Charbonneau akayatoa katika Kifaransa akayatia katika Kihidatsa, kisha Sacagawea akayafikisha kwa Kishoshone, na jibu la kaka yake likarudi kwa ngazi zilezile. Atakayeona kwamba hiyo ni kazi ndogo na akumbuke kwamba kilichokuwa kikijadiliwa ni farasi, na bila farasi watu zaidi ya 30 wangekwama upande usiofaa wa milima huku majira ya baridi yakikaribia.

Farasi walipatikana. Watatu wa kwanza walinunuliwa kwa koti la kijeshi, suruali za miguuni, vitambaa kadhaa, visu vitatu na vikorokoro vingine, ambavyo Lewis alikadiria kwamba vyote kwa jumla havikuzidi dola 20 kwa bei ya Marekani. Kadiri uhitaji wa wageni ulivyodhihirika bei ilipanda, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa soko la Gikomba angelifanya, na mwishoni mwa mwezi Clark alitoa bastola, risasi 100, baruti na kisu kwa farasi mmoja. Clark pia alikwenda kuukagua mto Salmon, akakuta kwamba wenyeji walimwambia kweli: mto huo una kasi na miamba isiyopitika kwa mtumbwi. Aliyewatoa humo alikuwa mzee wa Kishoshone ambaye waliandika jina lake kuwa Toby, aliyewaongoza kwa nchi kavu kuelekea kaskazini na kisha kuvuka milima ya Bitterroot, ambako nusura wafe njaa. Walipofika kwenye mito inayopitika na kuanza kusafiri kwa mitumbwi tena, Toby na mwanawe waliondoka mwezi Oktoba bila kuaga na bila kuchukua ujira wao.

Malipo ya wengine yanajulikana. Lewis na Clark walipewa ekari 1,600 kila mmoja, na askari wao ekari 320 kila mmoja pamoja na mshahara maradufu. Charbonneau alipewa ekari 320 na dola 500 na senti kadhaa. Sacagawea hakupewa kitu. York hakupewa kitu, na aliporudi aliendelea kuwa mtumwa. Alipoomba akae Louisville karibu na mke wake, Clark alikataa, na barua za Clark kwa ndugu yake zinaonyesha kwamba alimpiga kwa sababu ya kung'ang'ania ombi hilo. Mwaka 2001 Rais Bill Clinton alimpa York cheo cha heshima cha sajini wa jeshi, karibu miaka 200 baada ya safari.

Sasa nirudi kwenye mji. Salmon haikuwapo wakati huo. Dhahabu iligunduliwa katika milima ya jirani mwaka 1866, na mwaka uliofuata mji ukapimwa mahali mto Lemhi unapoingia katika mto Salmon ili kuwahudumia wachimbaji. Washoshone wa Lemhi wakajikuta wakiishi pembezoni mwa mji katika bonde lao wenyewe. Mwaka 1868 walitia sahihi mkataba ambao Seneti ya Marekani haikuuidhinisha kamwe. Mwaka 1875 Rais Ulysses Grant aliwatengea kwa amri eneo dogo la maili za mraba kama 100 katika bonde la Lemhi. Chifu wao Tendoy aliitunza amani na wazungu hata wakati makabila jirani yalipopigana na jeshi katika miaka ya 1877 na 1878, na kwa miaka mingi alikataa kuhamia Fort Hall, eneo jingine walilotengewa wenyeji wa asili, takriban kilomita 300 kusini. Shinikizo halikukoma. Tendoy alifariki mwaka 1907, na mwaka huohuo watu wake wakahamishiwa huko. Wakazi wa kizungu waliomheshimu walimwekea mnara kaburini, nao mnara ukabaki bondeni ilhali watu wake wameondoka.

Mwaka 1805 Lewis alimwahidi Cameahwait kwamba urafiki na Marekani ungewaletea watu wake biashara, bunduki za kujilinda na uhuru wa kushuka mbugani kuwinda bila hofu. Miaka 102 baadaye wajukuu na vitukuu walifungasha mizigo. Mwandishi wenu alipoandika kwamba mji wa Salmon umeinuliwa na kumbukumbu ya wavumbuzi, aliruka kipindi hiki chote.

Hata hivyo, nitautendea mji huo haki. Mwaka 2003, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kuadhimisha miaka 200 ya safari ile, Salmon ilifungua kituo cha kumbukumbu kwenye ardhi inayomilikiwa na mji wenyewe, na kituo hicho kikaitwa kwa jina la Sacagawea. Wangeweza kukiita kwa jina la Lewis au Clark, kama ilivyofanyika katika sehemu nyingi sana za njia ile, kuanzia miji na kaunti hadi mito na vyuo. Mgeni anayekwenda Salmon huelezwa habari za Washoshone wa Lemhi, vyakula vyao, farasi wao na mito yao, na safari ya Lewis na Clark huonekana kuwa tukio la wiki chache katika historia ya watu waliokuwapo kwa maelfu ya miaka. Hilo nalisifu bila kinyongo. Lakini wazao wa watu hao wengi wao wanaishi Fort Hall, wakihesabiwa ndani ya muungano wa Washoshone na Wabannock, na kwa miaka mingi wamekuwa wakidai kutambuliwa na serikali kuu kama kabila linalojitegemea. Hata sarafu ya dola moja iliyotolewa mwaka 2000 ikiwa na sura ya Sacagawea na mtoto wake ilichorwa kwa kumtazama mwanafunzi wa Kishoshone kutoka Fort Hall, kwa kuwa hakuna picha ya Sacagawea iliyochorwa akiwa hai. Taifa lilipohitaji sura yake, lilikwenda kuitafuta huko lilikowapeleka watu wake.

Sasa tuitazame Nyahururu kwa jicho hilohilo. Joseph Thomson, aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, aliondoka Mombasa mwaka 1883 akitaka kupita nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Victoria. Jaribio lake la kwanza lilishindikana. Alifika mpakani mwa Umaasai, akaona hawezi kupita, akarudi pwani kuongeza bidhaa za hongo, kisha akajiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani, aliyeijua njia, aliyewajua wazee wa Kimaasai na kujua kiasi gani cha shanga na nyaya kinatolewa wapi. Ndipo safari ikafaulu. Walipofika Naivasha, Thomson alijitenga na watu wachache akapita Laikipia kwenda kuuona Mlima Kenya, na katika mzunguko huo akayaona maporomoko ya mto Ewaso Narok, yenye urefu wa mita 74 hivi, ambayo yakaja kuitwa kwa jina la Thomson. Swala naye akapata jina: ndiye swala tomi ambaye watoto wetu humwonyesha kidole wakiwa garini katika mbuga ya Nairobi. Miaka minne baadaye, wavumbuzi Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walipotaka kufika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, walimtafuta Jumbe Kimameta yuleyule, na mwaka 1888 wakaliita ziwa hilo kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria.

Sikumbuki kumwona Jumbe Kimameta kwenye kibao chochote cha utalii nchini. Vivyo hivyo Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyemkaribisha Johann Ludwig Krapf Kitui na kumweleza habari za mlima wenye theluji kabla Krapf hajauona mwaka 1849, na Bwana Kheri, aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Johannes Rebmann mwaka 1848 hadi Kilimanjaro. Wanafunzi wangu waliweza kutaja tarehe za Krapf na Rebmann bila kusita, kwa kuwa ziliulizwa katika mtihani. Waliowaongoza hawakuulizwa, kwa hiyo hawakusomwa. Na hapo nazungumzia viongozi wenye majina. Sijawataja wapagazi waliobeba mizigo kichwani kutoka Rabai na Taveta, ambao bila wao Thomson asingelala ndani ya hema wala kula kwa sahani.

Kuna mfanano mwingine unaonisumbua kuliko huo wa majina. Katika shajara yake Lewis alieleza kwa furaha jinsi bunduki yake ya hewa ilivyowashangaza Washoshone, na Thomson katika kitabu chake alijisifu kwamba aliwastaajabisha Wamaasai kwa kuyatoa na kuyarudisha meno yake mawili ya bandia, na kwa kutia majini dawa ya unga inayotoa povu. Msomaji hubaki na picha ya wenyeji wepesi wa kudanganyika. Lakini Washoshone haohao walipandisha bei ya farasi walipoona mnunuzi hana njia nyingine, na Wamaasai haohao walimtoza Thomson hongo kila alipokanyaga. Tukiandika vibao kwa kunakili shajara za wageni, tutanakili na dharau yao.

La ardhi ndilo zito zaidi. Nyahururu iko kwenye uwanda wa Laikipia. Kwa makubaliano ya Agosti 1904, Wamaasai waliondolewa katika sehemu za Bonde la Ufa, zikiwamo Naivasha na Nakuru, ili kuwapisha walowezi, na wengi wao wakapewa Laikipia kwa ahadi iliyoandikwa kwamba makubaliano hayo yatadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo kama kabila. Ahadi hiyo iliishi miaka 7. Mwaka 1911 makubaliano mapya yaliwataka waiache Laikipia yenyewe, na kufikia mwaka 1913 walikuwa wamesukumwa kusini, safari ambayo watu na mifugo wengi waliangamia. Legalishe, kiongozi wa Wamaasai wa kaskazini, alipinga, na kesi ikafikishwa mahakamani mwaka 1913, ambapo majaji waliamua kwamba makubaliano hayo ni mkataba baina ya mataifa, hivyo mahakama haina uwezo wa kuyasikiliza. Wale ambao Thomson alipita kwao akilipa hongo kwa heshima mwaka 1883 waliondolewa ndani ya miaka 30, muda mfupi kuliko ule wa Washoshone wa Lemhi.

Kwa hiyo, Mhariri, iwapo kaunti ya Laikipia itaamua kujenga kituo cha kumbukumbu penye maporomoko yale, kama makala yenu ilivyopendekeza, basi iige kwa usahihi. Kibao cha kwanza kimtaje Jumbe Kimameta, kieleze alitoka wapi, alifanya biashara gani na kwa nini Thomson alimhitaji. Maelezo ya Laikipia yafike hadi mwaka 1913 na yataje jina la Legalishe. Wazee wa Kimaasai kutoka Narok na Laikipia wahojiwe kabla ya mchoraji ramani kuitwa, na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wahusishwe katika kuhakiki tarehe, maana vibao vya utalii vikikosewa hukaa miaka 40 bila kusahihishwa. Wakazi wa sasa wa Nyahururu, ambao wengi wao walifika baadaye kwa sababu za haki kabisa, wasichukulie maelezo hayo kuwa ni dai dhidi ya viwanja vyao. Najua hofu hiyo ipo, na najua kwamba Laikipia suala la ardhi halizungumzwi kwa urahisi. Wakazi wa Salmon nao wanaishi kwenye bonde lililokuwa la wengine, na wameweza kulisema hilo hadharani ndani ya kituo cha mji wao bila mtu kufukuzwa nyumbani kwake.

Sisi wa Nairobi pia tusijione tumenusurika. Katika Barabara ya Kenyatta ipo sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1928, inayoonyesha mpagazi, askari na mpiga bunduki wa Kiarabu, kwa ajili ya kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yamo katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanamwahidi aliyepigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Hakuna jina hata moja la mpagazi lililoandikwa pale. Wachuuzi wa viatu huegemea ukuta wake mchana kutwa, na mtaa wa Kariokor, ambao ulipata jina kutokana na kikosi chao, unajulikana zaidi kwa vyondo na nyama choma.

Ninaomba mwandishi wa makala ile aandike sehemu ya pili, na kama itakuwa na ramani ya njia ya Thomson, basi iwe pia na njia ya Jumbe Kimameta tangu Pangani, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia hizo mbili ni njia moja.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Nairobi